Laki moja ya msiba, hamna ya ugonjwa: kisa cha mama wa dagaa aliyeacha dawa za TB

Kisa hiki ni cha mwalo mmoja, ufukwe mitumbwi inaposhusha dagaa, upande wa Ilemela, ukitoka Mwanza mjini unapita Kirumba, Pasiansi, unaupita uwanja wa ndege alafu unaendelea mbele kandokando ya ziwa. Mwalo siutaji na mama mwenyewe simtaji, na vitu viwili vitatu nimevibadilisha asijulikane, ameniruhusu niandike kwa sharti hilo. Mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii na pia ni mwanachama wa kikoba nitakachokiongelea, yaani kikundi chetu cha kuweka akiba na kukopeshana, kwaiyo sisimulii kama mtu aliyekuwa mbali, kuna sehemu makosa ni yangu na nitasema.

Nitamuita Mayu, ni Kisukuma tu cha mama. Ana miaka 34, watoto watatu, mkubwa wa kike ana miaka 12 na mdogo hajafika mitano. Kwao Kwimba. Huku mwaloni alikuja kumfuata mume aliyekuwa mvuvi wa dagaa, mume akahama na mtumbwi wa tajiri mwingine kwenda visiwani, mwanzoni alikuwa anatuma hela, baadaye simu ikawa haipatikani. Kwaiyo hapa hana shangazi, hana wifi, hana mama mdogo wa kumwambia nibakie na mtoto nakuja. Ana majirani na ana kikoba, basi.

Asiyejua kazi ya dagaa nimueleze kidogo maana bila hiyo kisa hakieleweki. Dagaa wa ziwa wanavuliwa usiku kwa taa, zamani karabai, siku hizi taa za sola na betri, dagaa wanafuata mwanga wavuvi wanawazungushia nyavu. Mbalamwezi ikiwa kali taa haivuti kitu, kwaiyo kila mwezi kuna siku kadhaa mitumbwi inalala. Sisi hapa hatuhesabu Jumatatu wala Jumamosi, tunahesabu giza na mwezi. Kwenye giza ndo kuna hela, mitumbwi inaingia kuanzia alfajiri na akina mama tayari wamepanga ndoo ufukweni, unanunua, unakimbia kuanika kwenye chanja au kwenye mchanga, unageuza, unafukuza ndege, na mvua ikikukuta mchana umeisha, dagaa wanaoza na mtaji ulikuwa wa kukopa. Kwenye mwezi watu wanashona nyavu, wanadaiwa, wanakaa vikao.

Sasa kliniki ya TB inahudumia asubuhi. Foleni ni saa 2 mpaka saa 5 hivi, ambayo ni saa ile ile dagaa wabichi wako juani na hawana mtu.

Kikohozi chake kilianza kipindi cha mvua akadhani ni baridi ya ziwa. Akaenda duka la dawa mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, kila akienda elfu tatu elfu nne inabaki pale, kikohozi kinapoa siku mbili kinarudi. Miezi mitatu ikapita hivyo. Nguo zikaanza kumpwaya na maneno yakaanza, maana huku mtu akikonda watu hawana ugonjwa mwingine wa kuutaja, wanasema ana ngoma, yaani Ukimwi. Na kwa ajili ya maneno hayo akaogopa kupima. Nilimkuta mimi kwenye kuzunguka nyumba kwa nyumba, nikamuomba makohozi kwenye kikopo, mashine ikaonyesha TB, sio ile sugu isiyosikia dawa, na VVU akawa hana. Alikuwa na kilo 43.

Dawa za TB ni bure, na dozi yake ni miezi sita, miwili ya kwanza dawa aina nne ndani ya kidonge kimoja alafu minne inayofuata aina mbili. Akaanza vizuri kabisa. Wiki ya sita akaacha. Akapanda boti kwenda kisiwa cha Goziba kununua dagaa, watoto akawaacha na yule wa miaka 12, dawa zikabaki uvunguni, siku 17 hajameza kidonge.

Kwenye ripoti yangu ya mwezi niliandika sababu ya kuacha dawa: mgonjwa hana elimu ya kutosha. Niliandika hivyo kwa sababu ndo tulivyozoea kuandika. Aliporudi nikamfuata kwenye chanja nikaanza kumueleza upya hatari ya kuacha dawa, akanisikiliza mpaka mwisho akiwa anageuza dagaa zake, alafu akanihesabia yeye mwenyewe, miezi sita, vidonge vingapi kwa siku, ukiacha vijidudu vinakuwa sugu, mkojo kuwa na rangi ya machungwa ni dawa sio damu. Alikuwa anajua kila kitu. Akaniambia, "Dada, vidonge hivi vinataka uji. Uji unataka hela. Hela iko ufukweni alfajiri na nikitoka hapo dagaa wananitaka mpaka jioni. Wewe unaniambia saa 2 niwe kliniki. Nichague kipi?"

Sikuwa na jibu. Nikakaa chini kwenye ndoo nikamuomba anisimulie wiki zile sita, siku baada ya siku, na hapo ndo nikaanza kuona.

Wiki mbili za mwanzo alikuwa na akiba kidogo, anakula asubuhi anameza. Akiba ilipoisha akawa anameza tumbo tupu, anatapika, akitapika anaishiwa nguvu hawezi kubeba ndoo, asipobeba ndoo hamna hela ya chakula cha kesho. Akaanza kuruka siku ambazo hamna chakula, kwa akili yake ilikuwa ni bora asimeze kuliko ameze atapike. Hilo kwanza.

La pili ni kikoba. Sisi tunakutana kila Jumapili mchana, kuchelewa faini 1,000, kutokuja kabisa faini 2,000, na mwenye faini hajalipa haruhusiwi kukopa. Kanuni nzuri tu, ndo inafanya kikundi kisife. Mayu alikosa vikao vitano kwa ajili ya homa na kutapika, na hakutuma udhuru kwa sababu angeulizwa anaumwa nini. Faini 10,000. Akazuiwa kukopa. Bila mkopo hana mtaji wa dagaa. Akaenda kwa wale wa mikopo ya kausha damu, wanakupa leo wiki ijayo wako mlangoni, na alipoona marejesho yanamzidi ndo akaamua Goziba ambako dagaa anawapata kwa bei ya chini, akauze Kirumba mwaloni alipe deni. Ukiufuata huo mnyororo kutoka mwisho kurudi mwanzo unakuta dawa zilizobaki uvunguni zimeanzia kwenye kitabu chetu cha faini. Hamna mtu aliyemfukuza, hamna aliyemtukana, kanuni imefanya kazi yake tu, na majina ya wenye faini niliyasoma mimi kwa sauti kikaoni, la kwake likiwemo, wakati mimi ndo pekee niliyekuwa najua anaumwa.

La tatu ni mimi tena. Mara ya kwanza kwenda kwake nilivaa kizibao chenye maandishi makubwa ya TB mgongoni. Nyumba za hapa zinatazamana, uani mmoja wapangaji sita. Jioni ile ile mtu wa jirani aliyekuwa anamuazima ndoo akasema ndoo imetoboka. Watoto wake wakatengewa kikombe. Sikujua hayo mpaka siku ile kwenye chanja.

Na kulikuwa na chumba. Kimoja, 15,000 kwa mwezi, watu wanne, dirisha moja dogo na dirisha lenyewe limezibwa kwa magunia ya dagaa mpaka juu kwa sababu ukiacha nje yanaibiwa na ni mtaji wote wa mtu. TB inaenda kwa hewa, mtu anakohoa vijidudu vinaelea, na chumba kisichopitisha hewa vinakaa humo humo. Nilishamwambia afungue dirisha, nadhani mara tatu. Sikuwahi kumuuliza magunia aweke wapi.

Ndo maana nasema kisa hiki ukikiangalia kwa jicho la hospitali hamna tatizo, kipimo kilikuwepo, dawa ilikuwepo, nesi alikuwepo, vyote bure. Vilivyomshinda vyote viko nje ya kidonge. Uji, saa, ndoo, kikombe, magunia, elfu kumi.

Watu wa pwani ya ziwa huwezi kusema hatuna umoja, ungekuwa unatuonea. Kivuko cha MV Nyerere kilipozama karibu na kisiwa cha Ukara Septemba 20 mwaka 2018 wavuvi walitoka na mitumbwi yao kwenda kuokoa, hamna aliyeuliza mafuta nani atalipa. Msiba ukitokea hapa mwaloni ndani ya nusu saa turubai limesimama, maji yamechotwa, wanawake wako jikoni na daftari la michango limeshafunguliwa. Mtu ambaye hata hukuwa unasalimiana naye atalala kwako siku tatu. Huo umoja upo na ni wa kweli.

Ila nimeufikiria sana na naona una umbo lake. Unakuja haraka kwenye jambo linaloonekana, lenye siku ya kuanza na siku ya kuisha, na ambalo halina aibu. Kufa kila mtu atakufa, kwaiyo nikikuchangia leo najua zamu yangu ipo. Ugonjwa wa miezi sita hauko hivyo. Hauonekani, mgonjwa anatembea, leo ana nafuu kesho hana, hamna mtu wa kupiga filimbi kusema sasa tukusanyike, na juu yake kuna hofu ya kuambukizwa na kuna yale maneno. Mwenye ndugu hata hilo halimgusi sana, ndugu ndo wanajaza hizo siku za katikati bila kuitwa. Aliyekuja kumfuata mume mwaloni hana wa kumjazia. Mwaka 2010 watafiti wa Marekani walikusanya tafiti 148 zenye watu zaidi ya 300,000 wakakuta wenye mahusiano imara na watu wao walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kubaki hai, kwa asilimia 50, kuliko wenye mahusiano dhaifu. Nikiangalia kwa Mayu sioni hata kama ni jambo la kushangaza. Mahusiano maana yake kuna mtu anageuza dagaa zako wakati uko foleni.

Kabla sijafanya kitu nikamuuliza anataka nini. Akasema kwanza faini. Nikamuuliza kama yuko tayari kikundi kijue, akaomba siku mbili, akarudi akasema atasema mwenyewe, mimi nisimsemee.

Kikao kilikuwa Jumapili ya mbalamwezi, watu 25 wote wapo kwa sababu mitumbwi imelala. Akasimama akasema ana TB, alikuwa kwenye dawa, ameacha, anaomba faini zake zisubiri. Kukawa kimya. Mweka hazina, ambaye sio mtu mbaya, ni mtu wa hesabu, akasema tukimsamehe mmoja kesho kila mtu ataumwa. Mwingine akauliza kabisa kwa sauti, akituambukiza je? Nikajibu la kuambukiza, kwamba sio vikombe wala sahani wala ndoo, ni hewa ya anayekohoa, na mtu akimeza dawa vizuri wiki mbili hivi hatari inashuka sana, kwaiyo Mayu anayemeza dawa ni salama kwetu kuliko Mayu tuliyemkimbia akaacha. Niliona watu wameelewa ila hela bado iko palepale.

Aliyebadilisha kikao ni bibi mmoja, mkubwa kuliko wote, huwa haongei. Akasema, "Katibu, fungua kitabu. Mwanachama akifa tunafanya nini?" Katibu akasoma, laki moja, turubai, na wapishi. "Akiumwa?" Katibu akasoma, akilazwa atatembelewa. Bibi akasema, "Huyu hajalazwa. Sasa tunamsubiri alazwe, au tunasubiri turubai?"

Sijawahi kuona kikundi kinahesabu haraka vile. Mfuko wa jamii kila mtu anatoa 500 kwa wiki, watu 25, ni 12,500. Msiba mmoja ni michango ya wiki nane ya watu wote. Wakaamua Mayu apewe 5,000 kila wiki kwa wiki nane, jumla 40,000, chini ya nusu ya hela ya kumzika, na asipewe mkononi maana wenye kausha damu wangeichukua, ipelekwe kwa mama ntilie wetu ambaye naye ni mwanachama, kila asubuhi Mayu apate uji na mayai au maharage kabla ya kidonge. Faini zikafutwa na kanuni ikaongezwa kwamba mwenye kadi ya kliniki hatozwi. Akakopeshwa kumaliza lile deni. Jirani wa ukuta mmoja akakubali kuwa mwangalizi wake wa dawa, anamuona akimeza. Siku ya kliniki kuna zamu ya chanja. Na lile la dirisha lilimalizwa na mama mmoja mwenye stoo ambaye alisema tu, lete hayo magunia kwangu. Mimi nilikuwa nimehubiri hewa miezi miwili, yeye kalimaliza kwa maneno manne.

Kliniki walimpima tena, bado haikuwa sugu, wakaamua aanze kuhesabu upya miezi sita. Alikuwa ameshuka mpaka kilo 42. Nesi naye akakubali mwangalizi achukue dawa mchana siku za giza. Mtoto mdogo akaanzishiwa dawa za kinga. Mwisho wa mwezi wa pili Mayu akawa na kilo 46 na makohozi safi, alipomaliza dozi alikuwa na kilo 51.

Kuhusu chakula naomba nikazie maana kuna watu wanaona uji ni huruma tu. Kule India, jimbo la Jharkhand, utafiti uliotoka 2023 uliwapa chakula familia za wagonjwa wa TB, nafaka, kunde na vitamini, na waliokuwa wanaishi na wagonjwa wakapata TB kwa kiwango cha chini kwa asilimia 39 kuliko wenzao ambao familia hazikupewa nyongeza hiyo. Na wagonjwa walioongezeka kilo miezi miwili ya kwanza walikufa wachache zaidi. Hiyo bakuli ya mama ntilie ni sehemu ya matibabu, iingie kwenye bajeti kama dawa inavyoingia.

Sitaki mtu asome hapa akadhani yaliisha vizuri. Msaada Mayu aliulipia, na alilipa kwa siri yake. Mwenye hela anaumwa TB anapona hamna anayejua, yeye ilibidi asimame mbele ya watu 25. Mnunuzi wake mmoja wa Kirumba aliposikia akasema dagaa za mgonjwa hachukui, ambayo ni uongo mtupu TB haiendi kwa dagaa, lakini mteja kapotea. Wanachama wawili wamejitoa. Yule binti wa miaka 12 amerudi shule ila kwenye giza kali bado anakosa asubuhi moja moja, namuona kwenye chanja na sare yake imefungwa kiunoni.

Na hesabu yenyewe haijakaa sawa. 12,500 kwa wiki inabeba mgonjwa mmoja, wawili kwa shida, wakifika watatu mfuko umekufa na msiba ukija hamna kitu. Maskini 24 wanambeba maskini wa 25 kwa mia tano tano. Chumba ni kile kile, watu wanne dirisha moja, na mwenye nyumba kapandisha kodi kuwa 20,000. Saa za kliniki hazijabadilika kwa mtu mwingine yeyote, zilibadilika kwa Mayu kwa sababu nesi ana moyo, akihamishwa tunaanza upya. Kikoba hakiwezi kujenga nyumba zenye hewa wala kupanga saa za zahanati. Ninapoona watu wa miradi wanakuja kutusifia akina mama mna umoja sana, nafurahi, ila naona pia wanapata sababu ya kutuachia mzigo.

Wiki tatu zilizopita kijana mmoja wa kambi ya wavuvi amekutwa na TB. Miaka 22, kwao mbali, wanalala saba kwenye banda moja la mabati, tajiri wake kasema asipoweza kuvuta nyavu anachukua mwingine. Hana kikoba, kesho kutwa mtumbwi ukihama kahama nao. Safari hii nimeenda bila kizibao, nimekaa naye kwenye mawe, nimemuuliza kwanza anakula wapi. Bibi anataka tumjadili kikaoni. Mweka hazina kasema kitabu ni cha wanachama, na ni cha wanawake. Mayu amesema ataleta hoja yeye. Kikao ni Jumapili hii, mwezi utakuwa mkubwa na mitumbwi yote imelala.